Maiki ya Kitufe Kikubwa

Jumatatu, 5 Januari

Makala ya Alhamisi nimeimaliza kabla ya chai. Safari hii nimewapiga wanaozungushia kuta fukwe za watu. Mhariri atapunguza makali, kama kawaida yake. Nami nitamwandikia barua, kama kawaida yangu.

Alasiri, kikao cha jumuiya yetu, wana-Chwaka tunaokaa mjini. Barazani kwa mwenyekiti, mtaani Ng'ambo. Ajenda moja tu: redio ya upepo, ya kuitana na pwani, kwa boti ya akina mama wa mwani. Redio yenyewe ipo, katuachia mgeni mmoja aliyekuwa na boti ya starehe akahama kisiwa. Ipo bila maiki. Ya kwake ilishaliwa na chumvi. Sasa tununue maiki gani?

Mtu wa nje atacheka. Sisi tumebishana mpaka magharibi.

Mwenyekiti wetu, Bwana Ame, mstaafu wa forodha, anataka ile ndogo yenye tarakimu zinazowaka kijani. Kaiona kwenye picha. Anasema inapendeza. Inapendeza! Mtu kakaa forodhani miaka yote ile na bado kitu anakipima kwa macho.

Dada yangu Kazija, anayenifuata kuzaliwa, yumo ndani ya boti ile. Mwani wa pwani unakufa, maji yamekuwa moto, kwa hiyo sasa wanawake wanalima kwenye kina, karibu na mlango wa ghuba, kwenye kamba zinazoelea. Kazija hajui kuogelea. Wenzake pia hawajui. Maisha yao yote baharini yalikuwa ya maji ya magotini. Simu za mkononi kule hazishiki, na zikishika zinalowa. Redio ndiyo itakayowaita warudi bahari ikichafuka.

Nimeyaandika haya niyasome siku nitakayosahau kwa nini nagombana.

Jumatano, 7 Januari

Kwa fundi Jayanti, kichochoroni nyuma ya Mkunazini. Duka la babu yake, kisha la baba yake. Harufu ya risasi ya kuchomelea na udi. Kazitandika maiki mbili juu ya kitambaa kama mtu anayeuza lulu.

Ya kwanza ndiyo anayoitaka Ame. Nyepesi, tarakimu kumi na mbili, vitufe kama punje za mtama. Ya pili nzito, nyeusi, haina tarakimu hata moja. Ubavuni ina kitufe kimoja, kikubwa kama kidole gumba. Ukikibonyeza unasema. Ukikiachia unasikia. Hakuna jingine la kujifunza.

Nikaipenda papo hapo. Mkono uliokaa kwenye maji ya chumvi tangu alfajiri hauna hisia. Mkono ule unataka kitu cha kushika.

Jayanti akasema, "Mlete dada yako aje ajaribu, Bwana Saleh. Atakayeishika ni yeye."

Nikamwambia nimeshasoma vitabu vya maelekezo vya aina tatu, Kazija ana kazi zake, na safari ya kuja mjini kushika maiki ni upuuzi. Hakunibishia. Kakunja kitambaa. Huyu mzee habishi, na hilo linaniudhi kuliko ubishi.

Ijumaa, 9 Januari

Nimeshinda.

Niliandika kurasa sita nikazigawa kabla ya kikao. Nilianza na mkono wa mkulima, nikapita kwenye historia ya vitu vya kupendeza vilivyoletwa kisiwani vikawaponza wenyeji, nikamalizia na tarakimu zinazowaka kijani. Watu walicheka mahali nilipotaka wacheke. Ame akajaribu kujibu, nikamkata. Akajaribu tena, nikamkata. Mwisho akasema basi, inunuliwe hiyo ya Bwana Saleh.

Nikiri humu ambamo hakuna asomaye: njiani kurudi nilikuwa nafurahia uso wa Ame. Maiki sikuikumbuka mpaka nilipofika mlangoni.

Jumanne, 13 Januari

Chwaka. Jayanti katufungia kila kitu. Redio imo ndani ya sanduku la mbao chini ya kiti cha mbele cha boti, betri pembeni, waya wa kujikunja umetoka kwenye tundu, maiki imetundikwa kwenye ndoano. Redio nyingine, ya ushirika wa mwani, iko kwenye chumba chao, ufukweni. Atakayeikalia ni Bi Mosi, mwalimu mstaafu, mwanamke asiyepoteza neno. Utaratibu wameupanga wenyewe: kukiwa na jambo Bi Mosi anaita, Kazija anajibu.

Nikaombwa nizindue. Nikashika maiki ya ushirika nikasema machache. Sikuwa nimefika kwenye jambo lenyewe, redio ikalia, ikanikata.

Nikaanza upya. Ikanikata tena. Wanawake kule botini walikuwa wanacheka mpaka boti inatikisika. Mize, mdogo wao kwa umri, mwenye ulimi kama wembe, akapaza sauti kutoka majini, "Jamani, kumbe kuna dawa yake!"

Jayanti akaeleza kwamba redio ina kikomo. Dakika moja, kisha inajikata. Nikamwambia akiondoe. Nani kawawekea watu wetu dakika moja ya kusema? Watengenezaji wameketi ng'ambo huko wakakadiria kwamba mwanamke wa Chwaka hana la zaidi ya dakika moja?

Akasema taratibu, "Kikomo hiki hakikuwekwa kukunyamazisha wewe. Kimewekwa kwa ajili ya kitufe kikijibonyeza bila mtu kujua. Redio inayosema haisikii, Bwana Saleh. Boti ile ikishikwa na kitufe, mtawasikia wao, wao hawatakusikieni."

Hapo Ame akaingia. Kasema fundi asikilizwe.

Lau Ame angenyamaza, pengine ningemsikiliza fundi. Nikasema kikomo kiondoke, na wenzangu, waliochoka na jua, wakasema kiondoke. Jayanti akachomeka waya wake, akabonyeza mambo yake. Kikaondoka, kwenye redio zote mbili.

Alhamisi, 15 Januari

Kazija kapiga simu. Mawimbi yanarusha maji, maiki imeanza kufanya ukoko wa chumvi. Nimetoka na gari ya asubuhi.

Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga shingoni kwa mpira. Na lile sanduku la redio nimelizungushia nailoni nzito. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akiifunga redio ya nyumba vivyo hivyo. Redio ilikufa ikiwa mpya.

Mwaka juzi niliandika makala kuwakejeli watu wetu wanaokalia makochi yaliyo bado ndani ya nailoni na kubonyeza rimoti zilizovishwa mifuko. Niliita ugonjwa wa kuogopa kutumia. Leo nimefunga nailoni kwa mikono yangu na nikaridhika na kazi yangu. Kazija kaikumbuka makala ile. Kacheka tu.

Jumapili, 18 Januari

Bi Mosi kanipigia. Jana robo saa nzima alikuwa akisikia ngurumo ya injini na akina mama wakisengenyana. Mmoja alitupia furushi la kamba juu ya maiki. Walipoliondoa, redio ikanyamaza. Kasema wamecheka sana, lakini robo saa hiyo yeye hakuweza kuwaita.

Nimempitia Jayanti. Kasema, "Bado hatujachelewa. Nakwenda kesho nikakirudishe."

Nikamwambia kosa ni la furushi. Watu wafundishwe kutotupa vitu ovyo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mbele ya wateja wake. Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Nikikubali kikomo kirudi, Ame atajua.

Jumanne, 20 Januari

Nimelala Chwaka, kwa Kazija. Analalamika kwamba mfuko unaingiza maji shingoni. Nimeufungua, nimeukausha, nimeurudishia. Safari hii nimekata vipande vya tyubu ya baiskeli, nimeizungushia maiki yote kuanzia juu mpaka chini, nikavuta sana. Tyubu haiachii. Kazija kaijaribu, kabonyeza, kaachia. Imefanya kazi.

Kasema, "Imekazana mno, kaka."

Nikasema bora ikazane. Kesho nitakaa na Bi Mosi nione utaratibu unavyokwenda. Ni bamvua, maji yatakupwa mbali kuliko kawaida, kwa hiyo wataondoka mapema kabla hayajatoka.

Jumatano, 21 Januari

Ni jioni. Niandike kwa mpango, nikiandika ovyo nitajitetea.

Saa moja asubuhi boti imeondoka. Wanawake sita na Makame, nahodha wao. Jua la kawaida. Mize kanipungia furushi la kamba, kalitupa mbali na maiki makusudi nione, kacheka.

Saa mbili na kitu redio ya ushirika ikafunguka yenyewe. Injini. Maji. Mazungumzo. Bi Mosi akasema wamekikalia tena kitufe. Tukangoja wakiachie.

Saa tatu Bi Mosi kapata ujumbe wa hali ya hewa kwenye simu yake. Upepo mkali kutoka kaskazini mashariki, mawimbi makubwa, kuanzia adhuhuri. Kashika maiki, kaita. Kaachia. Wale wanaendelea kuzungumza habari za bei ya unga. Kaita tena. Habari za harusi ya mtu.

Kaniangalia, kasema, "Hawatusikii."

Nikampigia Jayanti mjini. Sikueleza sana. Kauliza jambo moja, "Maiki imefungwa na nini?" Nikamwambia tyubu, nimeifunga mimi. Kasema, "Tyubu ikipigwa na jua inajivuta, bwana. Pelekeni boti."

Boti ipi? Bamvua. Maji yametoka mpaka upeo wa macho, boti zote za kijiji zimelala ubavu mchangani kama samaki waliosahauliwa. Tukapiga simu kaskazini na kusini, popote penye mtu mwenye boti. Kote maji yametoka. Vijana wawili wakatembea mpaka maji yakawafika kifuani, wakapunga shuka nyeupe. Kule kwenye mlango wa ghuba boti haionekani hata kwa macho ya mwewe.

Basi tukabaki tunasikia. Saa nne, saa tano. Kila kitu tulikisikia. Kamba zikikwaruza ubavu wa boti. Mize akiimba, akikosea maneno makusudi wenzake wamsahihishe. Mtu akamtania Kazija kwamba maiki ya kaka yake imevishwa kama mwari. Kazija akacheka. Akasema, "Kaka yangu mgomvi, nyote mnamjua. Lakini redio hii kaipigania. Mimi naringa nayo."

Nilikuwa nimeshika maiki ya huku. Nilikuwa nimebonyeza kitufe mpaka kidole kimekufa ganzi. Nilikuwa napiga kelele jina lake. Kila nilipoachia nilikuta sauti yake ikiendelea, tulivu, umbali wa mkono.

Saa tano na nusu. Makame: "Mbingu ile siipendi, mama zangu. Tungeanza kurudi."

Na Kazija, ndugu yangu wa tumbo moja: "Bi Mosi hajatwita. Kungekuwa na jambo angetwita. Tumalize kamba hizi mbili."

Bi Mosi akaweka kichwa mezani.

Karibu na saa sita sauti zikaanza kufifia. Betri. Redio yao ilikuwa inasema tangu asubuhi bila kupumua. Nilimsikia Mize akiuliza nani ana kamba iliyobaki. Kisha mchakacho. Kisha kimya.

Uwanja wote ukawa wangu. Hakuna wa kunikata. Nikasema. Nilisema upepo unakuja, rudini, Kazija rudi, Makame geuza boti. Nilisema muda mrefu, sijui kiasi gani, dakika baada ya dakika. Mwisho Bi Mosi akanitoa maiki mkononi, kidole kimoja kimoja.

"Basi, Bwana Saleh. Husemi na mtu."

Saa saba upepo ukafika. Ulibamiza dirisha la ushirika likavunjika kioo. Saa nane na nusu maji yakarudi ya kutosha, boti tatu zikatoka. Nilitaka kupanda. Nikaambiwa wewe huogelei, utakuwa mzigo. Kweli.

Zimerudi saa kumi na moja. Boti yao iliwapindukia wakati wa kugeuza. Walishikilia kamba za mwani na madumu yanayozifanya zielee. Makame. Wanawake wanne. Kazija.

Nilipomwona Kazija nilifurahi. Kisha nikahesabu. Furaha ndiyo iliyotangulia, siifichi.

Mize hayumo.

Alhamisi, 22 Januari

Hajaonekana.

Kiganja cha Kazija kimechanwa na kamba mpaka nyama. Kafungwa bendeji. Kaketi kitandani bila kulia. Kaniuliza swali moja tu, "Mbona Bi Mosi hakutwita?"

Nikasema redio iliharibika.

Ijumaa, 23 Januari

Mize kaonekana alfajiri, upande wa mikoko. Kazikwa baada ya sala. Watu wengi. Nilishika jeneza kwa hatua chache, zamu yangu ikaisha, mwingine akapokea.

Bi Mosi na Jayanti wanajua. Jayanti kaja mazikoni na kofia yake mkononi, kakaa nyuma. Hakuna aliyenisemesha. Wananingoja.

Jumapili, 25 Januari

Boti imevutwa ufukweni. Makame kaniletea maiki, waya wake umekatika. "Chukua, bwana. Mali ya jumuiya hii." Kanikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu. Macho mekundu. Tangu Ijumaa hajalala.

Iko mbele yangu sasa. Imo bado ndani ya nailoni yake. Ndani hamna tone la maji, kazi nzuri. Vipande vya tyubu vimejivuta vikatengeneza mfereji kwenye nailoni, na kimoja kimepita katikati ya kitufe. Kitufe kimezama. Fundo ni langu. Nalifunga hivyo tangu utotoni, kushoto juu ya kulia, mara mbili.

Kisu kipo mezani. Nikikata vipande hivi, hii itakuwa maiki tu, imetoka baharini. Kitufe kitapanda. Wanaojua ni wawili, na wote ni watu wa kunyamaza.

Nimekitia kisu kwenye mtoto wa meza. Maiki sijui niitie wapi.

Jumanne, 27 Januari

Chwaka hawamwitikii Makame salamu. Habari imekwisha kuundwa. Nahodha hakuangalia mbingu. Nahodha hakuona taa nyekundu inayowaka redio ikisema. Taa ile imo ndani ya sanduku, na sanduku nilikwisha kulivisha nailoni. Angeionaje?

Ame kanipigia. Kasema kwa upole, bila kinyongo chochote, kwamba kalamu yangu inangojwa, kwamba uzembe wa manahodha uandikwe, kwamba mimi ndiye wa kuuandika. Mhariri naye kataka makala ya Alhamisi.

Nimekaa. Nimeandika. Ilitoka kama maji. Mlolongo wa hoja, hakuna pa kutia ncha ya sindano. Msomaji angefika mwisho akimchukia Makame na asijue ameanza lini kumchukia. Mimi najua kuifanya kazi hiyo. Ndiyo inayonilisha.

Ndiyo makala bora niliyoandika tangu mwaka jana. Nimeichana vipande vidogo, nikavitia chooni, visije vikanishawishi.

Alhamisi, 29 Januari

Gazeti limetoka bila mimi. Mhariri kauliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 30 Januari

Baada ya sala, kikao Chwaka, chumba cha ushirika. Dirisha limezibwa kwa ubao. Wamekaa jumuiya upande mmoja, akina mama upande mwingine. Mama yake Mize kwenye mkeka, kajitanda ukaya kichwani. Makame kasimama mlangoni, hakukaribishwa kukaa.

Usiku wa jana nilitunga kurasa nne. Utangulizi, mazingira, sababu, funzo. Nilikuwa nazo mfukoni. Ame akafungua kikao, akasema Bwana Saleh ana neno, na watu wakajiweka sawa kama wanavyojiweka siku zote, wakijua itachukua muda.

Nikaweka maiki mezani na nailoni yake na tyubu zake.

Nikasema, "Hii niliifunga mimi. Kikomo nilikiondoa mimi, fundi akinikataza mara mbili. Makame hana kosa."

Nikakaa. Kurasa zilibaki mfukoni.

Ame alifungua mdomo, nikajua ananidai maneno yote niliyomkata, akaufunga. Leo nimemheshimu mtu huyu kwa mara ya kwanza.

Mama yake Mize akanyoosha mkono, akapewa maiki. Kaigeuza. Kaitafuta ncha ya fundo kwa kucha, kashindwa, kampa Kazija. Kazija kachukua kisu cha mwani kwa mkono wake mzima, kakata. Kipande cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilipokatika, kitufe kikapanda. Kilitoa mlio mdogo, kama ulimi unaoachia kaakaa. Chumba kizima kiliusikia.

Mama yake Mize akasema bila kuniangalia, "Hukumtakia mabaya, baba. Hilo nalijua. Lakini usije kwangu kwa sasa."

Nikasema, "Nimefahamu, mama."

Bi Mosi akasogeza kiti chake. Akamwambia Makame aingie, akae.

Jumatano, 4 Februari

Kazija kaja mjini. Hakuniarifu, nimemkuta kwa Jayanti nilipokwenda kuomba radhi. Niliomba. Jayanti kaitikia kwa kichwa, karudi kwenye kazi yake.

Kikomo kimerudi. Dakika moja, redio zote mbili.

Kazija kaomba ndoo ya maji. Jayanti kaileta, katia na konzi ya chumvi bila kuambiwa. Kazija kafungua bendeji, katumbukiza mikono yote miwili, kaiacha humo muda mrefu, uso umekunjana.

Kisha kafumba macho, kashika maiki moja baada ya nyingine. Jayanti alikuwa nazo nne safari hii. Kabonyeza, kaachia. Ile ndogo ya tarakimu ilimponyoka. Nyingine aliirudisha upesi. Mwisho kabaki na moja mkononi, nzito, nyeusi, kitufe kikubwa ubavuni.

Ni ileile. Nilichagua sawa. Hilo ndilo linalonitafuna.

Jayanti katia maiki kwenye kisanduku chake. Kwenye meza kulikuwa na mifuko ya nailoni ya kufungia bidhaa. Kachomoa mmoja kwa mazoea, kamnyooshea Kazija.

Kazija kautazama mfuko ule. Kaurudisha.

"Wacha iliwe na chumvi," kasema. "Ikifa tutajua imekufa."

Kanipa kisanduku nimchukulie mpaka kituoni. Tumetembea tukipita Darajani. Kapanda gari. Nimempa kisanduku dirishani, kakipokea kwa mkono wenye kidonda.